Nyuso za Mfuko wa Simenti

Nikwambie mapema, usije ukahangaika kumtafuta: mjinga wa habari hii ni mie. Kuna watu wakisimulia mambo yao wanajitia ujinga kidogo tu, kama chumvi, ili waonekane binadamu. Mie hapa sijatia kidogo. Nimemwaga kopo zima, na bado watu wa mtaani kwetu wanasema nimejipendelea.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini, nafanya kazi kiwanda cha nguo, zamu ya asubuhi. Shule nilikomea darasa la saba. Hesabu tusizungumze. Ila mdomo nilikuwa nao. Kwenye foleni ya unga nilikuwaga nachekesha watu mpaka wananisogeza mbele ili wanisikie vizuri, na ndivyo nilivyokuwa napata unga. Ule wa yanga, wa njano, ambao uupike vipi unanuka gunia.

Nilipanga chumba Temeke, nyumba ya vyumba sita, korido katikati, choo uani. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mjane, Mzaramo, na mie Mnyamwezi, kwa hiyo watani. Asubuhi ananigongea ukuta: "We mpagazi, umeamka au umekufa?" Namjibu: "Nimeamka mama, na wewe ngoma ya jana imekuacha hai?" Ndiyo salamu yetu. Hakuna aliyenuna.

Chumba kinachotazamana na changu kilikuwa kitupu mpaka alipoletwa yule mzee. Alimleta balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mpole, fundi cherehani, anayevaa koti hata jua la saa saba.

"Huyu ni mgeni wetu," balozi akatwambia. "Ametoka Afrika Kusini, kule wanakotesa watu weusi. Mpigania uhuru. Anachora na anatunga mashairi. Barua yake hii hapa, mimi ninakaa nayo niiandike kwenye daftari langu."

Mama mwenye nyumba hajui kusoma. Aliuangalia mhuri, akarudisha barua.

Mzee alikuwa mrefu, mwembamba, shati amefunga vifungo mpaka kooni. Jicho moja lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyolala. Wenzake walikuwa wanakaa Kinondoni kwenye nyumba ya chama chao, lakini alisema kule wanaimba na kukutana kutwa nzima, hawezi kuchora. Kiswahili chake kilikuwa cha miezi miwili. Kizungu changu kilikuwa cha darasa la saba. Tukakutana katikati, tukawa tunaongea kwa mikono.

Kazi yake ilikuwa hii. Alikuwa anachora watu. Siyo watu wa Temeke, watu wa kwao, waliouawa. Wengine walinyongwa, wengine walipigwa risasi, wengine waliingia jela hawakutoka. Picha zao polisi wa kule walizipora zote, nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo walikuwa wamebaki kichwani mwake, naye alikuwa anawatoa mmoja mmoja. Chini ya kila uso anaandika mistari mitatu minne kwa lugha yao, ile yenye sauti za kudonoa ulimi. Nilimuuliza mara moja ameandika nini, labda walivyokufa.

"Hapana," akasema. "Kufa wote sawa. Mimi naandika kitu kidogo. Huyu, hawezi pita mbwa bila kusalimia. Huyu, anaiba sukari kwa mama yake mpaka ana ndevu."

Karatasi ilikuwa shida. Daftari lenyewe unalisikia redioni. Mie ndiye niliyempelekea mifuko ya simenti, nilikuwa naiokota palipokuwa panajengwa karibu na kiwandani. Mfuko wa simenti una karatasi tabaka tabaka. Ya nje chafu, ila ya ndani, ukiikung'uta vumbi, ukaipasua pembeni na kuilalia chini ya godoro siku mbili, inatoka kaki, imenyooka, nzuri kabisa. Makaa alikuwa anaokota kwenye jiko la mama mwenye nyumba, vile vijiti vyembamba. Mwanzoni mama aligomba. Baadaye akawa anamwekea vijiti kwenye kopo.

"Mbona una haraka hivyo, Mzee?" nikamuuliza siku moja. Alikuwa hajala tangu asubuhi.

Akajigusa jicho jeupe. "Hii, askari wa kule alitoa, na kitako cha bunduki." Akagusa la pili. "Hii, yeye anafuata ndugu yake. Daktari anasema mwaka, labda pungufu. Kuna mtu atakuja kuchukua picha zote, kufanya kitabu. Nataka niwe nimemaliza wakati naona."

Kwa hiyo nilijua. Usije ukasema sikujua.

Nilikuwa naingia kwake kila nikitoka zamu, nakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, naanza kuwatania wale wa ukutani. Siwezi kuona uso nikanyamaza. "Huyu Mzee, masikio yake anapepetea mchele." "Huyu shingo kama anachungulia chungu cha jirani." Mwanzoni niliogopa atakasirika. Akacheka mpaka akakohoa, akasema ndiyo, ndiyo, shingo yake alikuwa anacheza nayo hivyo hivyo! Tangu hapo kila akimaliza mmoja ananiita nimpe jina. Walifika thelathini na nane.

Sasa neno lenyewe.

Siku ya kwanza kabisa nilipopiga hodi, alijibu kutoka ndani kwa sauti kubwa ya furaha: "Kaburu! Kaburu!"

Nilisimama pale mlangoni nikashika ukuta. Alikuwa anataka kusema karibu. Ulimi wake ulikuwa umegeuza. Kwao wale wazungu wanaowatesa wana jina lingine, hili la kaburu ni letu sie, hakuwa analijua. Nikaingia nacheka machozi.

"Nimekosea?" akaniuliza.

Hapo. Hapo hapo ndipo ningesema neno moja tu, nikaenda zangu kuoga.

"Umepatia kabisa, Mzee," nikasema. "Kama umezaliwa Kariakoo."

Basi ikawa ndiyo hiyo. Muuza maji akipiga hodi: "Kaburu!" Mama mwenye nyumba akimletea chai: "Kaburu mama, kaburu ndani!" Watu wakawa wanakuja kupiga hodi makusudi, wanakimbilia uani kuchekea ngumi. Yeye anaona watu wanatabasamu, anajua amependwa. Na alikuwa amependwa kweli, ndiyo ubaya wake. Nikamfundisha na nyongeza. Mtu akikuuliza wewe nani, nikamwambia, heshima yetu unamjibu, "Mimi kaburu wako."

Mama mwenye nyumba alinivuta sikio jikoni. "Mwambie mwenzio."

"Ni utani tu, mama."

"Utani na nani? Mimi na wewe tuna utani, babu zetu walikubaliana. Yule mmekubaliana lini?"

"Kesho nitamwambia."

Kesho nikaisogeza. Zilikuwa siku zile redio inatukumbusha kila jioni tuwe macho, vibaraka wa makaburu wanapenya nchini, ukimwona mtu usiyemwelewa toa taarifa. Mie nilikuwa nasikiliza huku natafuna mhogo. Sikuunganisha. Kichwa changu kilikuwa na vyumba viwili, na korido hakina.

Balozi wetu akapata msiba Rufiji, akasafiri. Akaondoka na daftari lake, na barua ya mzee ndani ya daftari.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, wakaja mgambo wanne, siyo wa mtaa wetu. Mtu alikuwa amepeleka habari, sijui nani, kwamba nyumba ile kuna mgeni ana picha za watu wengi zimeandikwa chini kwa lugha ya siri. Mie nilikuwa koridoni nashona kandambili. Mkubwa wao akapiga hodi mlango wa mzee.

"Kaburu!" ikatoka ndani. "Kaburu, kaburu hapa!"

Yule mgambo akaruka nyuma kama kakanyaga moto. Wakausukuma mlango. Mzee amesimama katikati, mikono ina makaa, anatabasamu, na nyuma yake wale thelathini na nane wanaangalia.

"Wewe ni nani?"

Akaweka mkono kifuani, kama nilivyomfundisha. "Mimi kaburu wako."

Mgambo akageuka akanikuta mie na kandambili yangu. "We kijana. Huyu ni nani?"

Nimeshalirudia swali lile mara nyingi kuliko sala. Huyu ni nani. Jibu lilikuwepo, fupi. Lakini mdomo wangu umezoea kwenda mbele yangu, na pale watu wa nyumba nzima walikuwa wametoa vichwa milangoni wananitazama, kama kwenye foleni ya unga.

"Si amesema mwenyewe?" nikajibu.

Hakuna aliyecheka. Nikasubiri, hakuna. Wakamfunga mikono kwa kamba ya katani, wakabandua picha zote, wakazikunja pamoja na kuzitia kwenye gunia. Mzee alikuwa anasema kwa Kizungu, halafu kwa lugha yao, halafu akaja kwangu kwa macho. Aliponyanyuliwa akasema neno moja la Kiswahili alilokuwa analijua vizuri: "Polepole." Hakuwa anaongea juu yake. Alikuwa anaangalia gunia.

Sasa hapa watu huwa wananiuliza, ukakimbilia kituoni? Sikukimbia. Niliogopa. Nilisema moyoni nikienda watasema mwenzake. Nikaenda kazini siku ya kwanza, nikaenda ya pili. Siku ya tatu mama mwenye nyumba alisimama mlangoni kwangu na kufuli mkononi.

"Leo mpagazi utabeba mzigo wako," akasema. "Usiporudi na habari ya yule mzee, chumba hiki nakifunga." Na hakunitania.

Nikaenda Kinondoni kwanza, kwa wenzake, nikawaeleza. Waliposikia amekamatwa wakaanza kutafuta simu. Waliposikia kwa nini, mmoja akasimama, akatoka nje, akarudi. Halafu wakanipeleka kituoni.

Afande alikuwa mtu mzima, ana miwani. "Shikamoo afande."

"Marahaba. Hebu sema tena. Wewe ulimfundisha?"

"Sikumfundisha afande, alikosea mwenyewe. Mie nilimwacha."

"Na hiyo 'kaburu wako' alikosea mwenyewe?"

"Hiyo nilimfundisha. Ilikuwa utani, afande."

"Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Na yule?"

"Wa Afrika Kusini."

Akavua miwani. "Wanyamwezi na watu wa Afrika Kusini wana utani tangu lini?"

Nikaangalia kandambili zangu.

Pamoja na hayo hawakumtoa siku ile, ilibidi barua ifuatwe Rufiji. Alikaa siku tisa. Hakupigwa, alisema mwenyewe, waliuliza maswali tu. Lakini chumba kilikuwa giza, na aliporudi lile jicho zima lilikuwa limevimba, linatoa maji, na alitembea koridoni akipapasa ukuta wakati ilikuwa mchana.

Nilimsubiri na maneno yangu nimeyapanga. "Mzee, lile neno, kaburu, maana yake siyo..."

"Najua. Polisi amenieleza siku ya kwanza." Akakaa kitandani. Aliposema tena, hakupandisha sauti. "Miezi miwili mimi naita watu ndani kwa jina ya mtu alitoa jicho yangu." Akageukia ukuta mtupu. "Picha ziko wapi?"

Tukaenda ofisini kwa wale mgambo, mie, yeye, na mmoja wa wenzake. Wakatafutana. Mmoja akauliza, "Picha zipi?" Mwingine akamwambia, "Lile gunia." Wa kwanza akasema, "Ile mifuko ya simenti?" Basi nikajua kabla hajamaliza. Waliambiwa mzee hana kosa, kesi imekwisha, gunia likabaki linajaza kona. Karatasi wakati ule ilikuwa dhahabu. Mke wa mgambo mmoja alikuwa anauza samaki wa kukaanga sokoni.

Mzee hakuelewa Kiswahili kile cha haraka. Akaniuliza mie. Nikamweleza kwa mikono: samaki, karatasi, kufunga. Aliangalia mikono yangu muda mrefu, hata baada ya kuiweka mfukoni.

Nilikimbia sokoni, safari hii nilikimbia. Yule mama wa samaki alikuwa amebakiwa na tano tu chini ya sinia, amezichana nusu nusu, nusu nyingine zimeshafunga vibua. Nikazunguka meza zote. Nikamwona mtu anakula kibua amesimama, na kwenye kiganja chake, chini ya mifupa, kuna paji la uso na nyusi mbili. Nikamwomba ile karatasi. Akaniuliza, "Una njaa, kijana?" Akanipa na kichwa cha samaki.

Nilirudi na zile nusu tano, pamoja na kile kipande. Makaa na mafuta hayaendi pamoja. Yanatambaa. Nyuso zilikuwa zimefanya moshi.

Mzee alizipokea moja moja, akaziweka karibu na jicho, karibu kabisa, pua inagusa. Nilitaka anitukane, anirushie hata ndoo. Badala yake siku ya pili aliniita. "Wale majina uliwapa," akasema. "Unakumbuka?"

Nilikumbuka yote. Ndiyo akili yangu ilivyo, hesabu haikai, kejeli haitoki. Nikamsimulia: masikio ya kupepetea mchele, shingo ya kuchungulia chungu, yule wa kidevu cha kisigino. Yeye anachora huku ananisikiliza, karatasi ameishika karibu na uso. Nilifurahi, nikwambie ukweli. Nikajiona natengeneza nilichovunja. Tulifanya hivyo jioni nne, akapata saba. Jioni ya nne akaziegemeza zote ukutani, akarudi nyuma, akasogea, akarudi nyuma.

"Hawa siyo wao," akasema.

"Mbona masikio ni yale yale, Mzee?"

"Masikio, ndiyo. Lakini ni masikio tu. Hawa ni watu wako. Wa kuchekwa." Akazikunja zote saba, akampelekea mama mwenye nyumba jikoni, awashie moto.

Mtu wa kitabu alikuja, mzungu mmoja mpole na begi kubwa tupu. Akakaa chumbani kwa mzee nusu saa. Begi akaondoka nalo hivyo hivyo.

Baada ya hapo mzee hakuchora tena. Hodi akipigiwa alikuwa anafungua mlango mwenyewe, bila kusema kitu. Mie niliacha kupiga. Mwezi haukuisha wenzake wakaja kumchukua, wakampeleka bara, kwenye kambi yao, kuliko na watu wa kumshika mkono. Aliniaga vizuri. Ningependa kusema hakuniaga vizuri, ingekuwa rahisi kwangu.

Zikapita kama wiki sita. Akaja msichana wa kwao, umri wangu, kutoka ile nyumba ya Kinondoni, ametumwa kuchukua sanduku la mzee na zile karatasi tano zilizobaki mvunguni. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akapiga hodi, mama mwenye nyumba akamkaribisha, na mie nikatoka kumsaidia kubeba. Nikamweleza yote. Nilikuwa nimeshakuwa na tabia ile, kila anayekuja namweleza, kama mtu anayeonyesha kidonda.

Alisikiliza. Akafungua zile tano, akaziangalia, akazifunga.

"Kaka yangu alikuwemo kwenye zile zingine," akasema. "Mzee aliniambia. Walifungwa jela moja. Unaweza kumkumbuka? Kijana, ana kovu hapa, juu ya nyusi."

Nilimkumbuka papo hapo! Nikaona Mungu amenipa kitu cha kumpa mtu. "Yule wa kovu? Namkumbuka sana, sista. Kichwa kakiinamisha hivi, anacheka. Meno ya mbele hana, mawili ya juu na moja la chini. Mie nilisema huyu akipiga mluzi anazima taa ya chemli."

"Hakuwa na pengo."

"Alikuwa nalo, sista, nakuapia, hapa na hapa. Nilikuwa namwona kila siku."

Alinitazama kinywani, pale nilipoonyesha kwa kidole. Akainama, akafunga sanduku, akavuta mkanda wake tundu la mwisho. Kisha akasema taratibu, ili nisikosee:

"Alipochukuliwa nyumbani meno yote alikuwa nayo. Karatasi tuliyopewa ilisema amekufa kwa homa. Mama yetu anafika mwezi ujao, na atakuja mpaka hapa, namjua. Akikuuliza, mwambie humkumbuki."